Gari Likigoma Alfajiri, Tusiisingizie Baridi

Miezi ya Juni na Julai tunaijua sote. Pamba inapimwa, mtama umeanikwa, vumbi limeanza, na alfajiri mtu hatoki nje bila koti au shuka. Ni miezi hiyo hiyo ambayo, kabla majogoo hawajamaliza kuwika, utasikia mahali fulani kijijini gari linalia nguu... nguu... nguu... na haliwaki. Leo tujifunze jambo hilo. Somo hili ni la magari ya zamani, hasa ya dizeli. Lakini mwenye mashine ya kusaga unga, au karasha la kusagia mawe ya dhahabu, naye asome. Ugonjwa ni ule ule.

Tuanze na tuliyoyaona wenyewe. Mwezi Julai 2024 tulilala katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Kijiji hicho kina pikapu moja ya dizeli, iliyotengenezwa mwaka 1989. Mchana inabeba pamba na magunia. Usiku, akitokea mgonjwa, ndiyo gari la wagonjwa. Basi saa kumi alfajiri mlango wa mwenye gari ukagongwa. Mama mmoja alikuwa na uchungu tangu jioni, na mkunga wa zahanati alikuwa amesema apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Dereva akawasha. Injini ikazunguka, moshi mweupe ukatoka nyuma, lakini gari halikuwaka. Akajaribu tena. Moshi ukazidi, mpaka tukaanza kukohoa.

"Hii ni baridi tu," dereva alisema. "Ngoja ipate joto, itawaka."

Akaendelea kuzungusha. Sauti ikawa nzito, ikawa ya taratibu, mwisho ikabaki tik, tik. Betri imekwisha. Utingo wake akaja mbio na jiko lenye mkaa unaowaka, akataka kulisukuma chini ya injini ili oili ipate joto. Mzee mmoja akamshika mkono.

"Wewe kijana, huoni dizeli inadondoka hapo? Unataka kumuunguza mgonjwa?"

Jiko likarudishwa jikoni. Mama yule alipakiwa kwenye pikipiki ya magurudumu matatu inayobeba maji, juu ya godoro, na mama mkwe wake akimshikilia. Alifika hospitali jua limeshatoka. Alijifungua salama. Lakini njia nzima alilia kwa kutikiswa, na sisi tuliobaki nyuma hatukuwa na la kusema.

Saa nne asubuhi jua lilipokuwa kali, wakaazima betri. Gari likawaka mara moja.

"Si mnaona?" dereva alisema. "Nilisema ni baridi."

Wote wakakubali. Na sisi tukakubali.

Siku mbili baadaye tulikuwa Katoro, mkoani Geita, tukamweleza habari hiyo fundi mmoja mzee aliyefanya kazi na magari ya dizeli tangu ujana wake. Tulimwamkia, "Shikamoo fundi," akaitika, "Marahaba wanangu," akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Huko Kishapu kulikuwa na barafu?"

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Sasa baridi gani hiyo ya kuzuia gari? Gari hilo linaumwa siku nyingi. Baridi imewaonyesha tu."

Maneno yake ndiyo somo letu la leo. Tuyapime tuone kama ni ya kweli.

Usiku wa Julai, Shinyanga, joto hushuka hadi digrii 15 hivi. Kwa ngozi yetu ni baridi. Lakini nchi za Ulaya ya kaskazini, digrii 15 ni siku ya kawaida ya kiangazi. Huko wakati wa baridi maji hugeuka mawe, na hata dizeli isiyotayarishwa kwa baridi huanza kuganda ndani ya tangi kama samli. Huo ndio ubaridi unaoweza kulitesa gari zima. Wa kwetu hauwezi. Dizeli ya kwetu haigandi usiku wa Kishapu. Kwa hiyo gari linalokataa kuwaka kwa digrii 15 lina kitu kilichochoka.

Ni kitu gani basi? Ili tujue, kwanza tuelewe injini ya dizeli inavyowaka.

Injini ya petroli ina plagi inayotoa cheche, kama kiberiti. Ya dizeli haina cheche. Inatumia joto la hewa iliyobanwa. Mwenye pampu ya baiskeli afanye jaribio hili: zibe tundu la pampu kwa kidole, sukuma kwa nguvu na haraka mara nyingi, halafu shika pampu upande wa chini. Ina joto. Hewa ikibanwa hupata moto. Katika injini ya dizeli ya zamani, pistoni inaibana hewa mpaka nafasi yake inakuwa ndogo mara 20 au zaidi. Hewa hiyo inapata joto la digrii 500 na kuendelea. Hapo nozeli inanyunyiza dizeli kama umande, nayo inalipuka yenyewe.

Sasa, injini ikiwa baridi, chuma cha silinda kinanyonya lile joto. Ndiyo sababu magari mengi ya dizeli ya zamani yamewekewa plagi za joto, moja kwa kila silinda. Mafundi wengi huziita hita plagi. Ukifungua swichi, kabla ya kuzungusha stata, ncha zake huwa nyekundu kama kaa la moto. Zinaisaidia injini mpaka iwake.

Kwa hiyo, ili gari la dizeli liwake asubuhi, linataka vitu vinne: lizungushwe kwa haraka, hewa ibanwe vizuri, plagi za joto zifanye kazi, na dizeli ifike bila maji wala hewa ndani yake. Mchana, injini ikiwa na joto, kimoja kikiwa dhaifu vingine vinakibeba. Alfajiri hakuna wa kumbeba mwenzake.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa kanda yetu hatulifikirii. Ziwa Victoria liko juu ya bahari kwa mita 1,130 hivi, na vijiji vyetu vya Shinyanga na Geita viko karibu na kimo hicho au juu yake. Huku juu hewa ni nyepesi. Imepungua karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na Dar es Salaam. Maana yake injini iliyochoka, inayowaka kwa taabu kule pwani, huku kwetu itagoma kabisa. Mtu ananunua gari kuukuu Dar es Salaam, linamwakia vizuri, akifika nalo Geita anasema ameuziwa gari lenye uchawi.

Sikiliza kwanza, halafu tazama moshi

Yule fundi alituambia kwamba hashiki spana kabla hajasikiliza. Anamwambia mwenye gari azungushe stata, yeye anasimama kando.

Sauti ikiwa nzito na ya polepole, shida iko kwenye nguvu ya kuzungusha. Anza na betri. Tazama vichwa vyake. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani kama chumvi, umeme haupiti sawasawa. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, mwagia maji ya moto, sugua kwa brashi ya waya, kausha, na ukaze vizuri. Usisahau waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Ule nao hushika kutu, na watu wengi hununua betri mpya bure kwa sababu yake. Kama una kipimo cha volti, betri nzuri iliyojaa, gari likiwa limepumzika, huonyesha 12.6 hivi. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Wakati wa kuzungusha stata, ikishuka chini ya 9.6, betri hiyo imechoka au haikujaa.

Kisha oili. Hapa tusikilizane vizuri, maana kosa hili ni la wengi. Gari likianza kutoa moshi wa bluu, mwenye gari anashauriwa aweke oili nzito, namba 40, au hata nzito zaidi, ili moshi upungue. Moshi unapungua kweli. Lakini alfajiri oili hiyo ni kama asali, na stata lazima iburute pistoni zote ndani ya asali. Oili iliyoandikwa 15W-40 ni tofauti. Herufi W inahusu baridi. Maana ya maandishi hayo ni kwamba oili hiyo ikiwa baridi ni nyepesi, na ikipata moto inabaki na uzito wa namba 40. Soma kopo kabla ya kununua. Na hii ni faida mojawapo ya kujua kusoma, hata kama neno limeandikwa kwa herufi moja tu!

Stata ikizunguka haraka na gari bado haliwaki, tazama bomba la moshi. Umwambie mtu asimame nyuma, pembeni.

Hakuna moshi hata kidogo? Dizeli haifiki. Labda chujio limeziba, au hewa imeingia. Gari likilala usiku, kama mpira wa mafuta una ufa mdogo, dizeli inarudi tangini na hewa inachukua nafasi yake. Kufahamu ni rahisi. Magari mengi ya zamani yana pampu ndogo ya mkono juu ya chujio. Alfajiri, kabla ya kuwasha, ibonyeze. Ikiwa ngumu mara moja, ni salama. Ikiwa laini, ukabonyeza mara 20 au 30 ndipo ikawa ngumu, hewa imeingia usiku. Fuata mipira yote kwa kidole. Mahali penye unyevu ndipo penye ufa. Pale dizeli inapotoka mchana, ndipo hewa inapoingia usiku.

Na maji je? Wengi wetu tunanunua dizeli kwenye madumu kando ya barabara. Dumu lililokuwa la maji jana, leo ni la dizeli. Maji ni mazito kuliko dizeli, hulala chini. Kwa hiyo gari likishalala usiku kucha, fungua skrubu iliyo chini ya chujio, kinga kwenye chupa nyeupe, uone. Maji yatakaa chini na dizeli juu. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwezi kuiona hivyo. Ndiyo maana mwaka 2010 serikali, kupitia EWURA, ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta ili uchanganyaji ugundulike. Mafuta ya taa hayazuii gari kuwaka kwenye baridi, lakini hayalainishi pampu kama dizeli, na pampu ikiliwa, gharama yake unaweza kuuza ng'ombe.

Moshi mweupe ukitoka, na unanuka dizeli na kuwasha macho, basi dizeli inafika lakini haiungui. Joto halitoshi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa pikapu ya Kishapu. Tulikuwa tumeona jibu kwa macho yetu, tena tukakohoa, lakini hatukujua kulisoma.

Kupima plagi za joto kwa balbu

Kwanza tuondoe imani moja. Madereva wengi hutazama ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye alama ya waya uliojikunja. Ikiwaka na kuzima, wanasema hita plagi ni nzima. Siyo hivyo. Katika magari mengi taa ile inahesabu muda tu. Plagi zote zinaweza kuwa zimekufa na taa ikaendelea kuwaka na kuzima kama kawaida.

Tafuta balbu ya volti 12, kama ile ya indiketa, iliyounganishwa na waya mbili. Fungua bapa la chuma linalounganisha plagi zote, ili kila moja ibaki peke yake. Waya mmoja wa balbu uguse chanya ya betri. Wa pili uguse kichwa cha plagi ya kwanza. Balbu ikiwaka, waya wa ndani ya plagi haujakatika. Isipowaka, plagi hiyo imekufa. Nenda ya pili, ya tatu, mpaka mwisho. Usichukue waya wa betri ukaugusisha moja kwa moja kwenye plagi bila balbu katikati, maana plagi nyingine ni za volti 6 na zitaungua palepale.

Zote zikiwa nzima, rudisha bapa, fungua swichi, na uguse bapa kwa waya mmoja wa balbu na mwingine kwenye chuma cha injini. Balbu isipowaka, umeme hauji. Tazama fyuzi na rilei.

Ikiwa plagi moja tu au mbili zimekufa, gari litawaka, lakini litatetemeka kama mtu mwenye homa kwa dakika moja au mbili, likitoa moshi mweupe, halafu litatulia. Dereva husema, "Ndivyo lilivyo hili." Hapana, sivyo lilivyo. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza, na siku hiyo matibabu bado ni rahisi.

Plagi zote nzima, betri nzima, dizeli safi, na bado moshi mweupe? Hapo hewa haibanwi. Ringi au valvu zimechoka. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma. Moshi ukipuliza kwa mapigo, hewa inapita pembeni ya pistoni. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye kipimo cha mgandamizo. Lakini chanzo chake mara nyingi ni sisi wenyewe: vumbi. Chujio la hewa lililopasuka, au lililopigwa ukutani mpaka likatoboka, linaingiza vumbi la kiangazi moja kwa moja kwenye silinda, na vumbi ni msasa.

Themostati iliyotupwa

Kuna magari yanayowaka vizuri, lakini asubuhi yanakwenda kilometa 10 bado mazito, yanakunywa mafuta, na sindano ya joto haipandi. Uliza kama themostati ipo. Hicho ni kifuniko kidogo kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, digrii 82 hivi kwa magari mengi. Kwetu huku gari likichemka mara moja, themostati inang'olewa na kutupwa. "Nchi ya joto haihitaji," tunaambiwa. Tangu siku hiyo injini haipati joto lake, na injini baridi huliwa upesi. Themostati inapimwa kwa sufuria: itumbukize kwenye maji, weka motoni. Maji yakikaribia kuchemka inapaswa kufunguka. Ikipoa ijifunge. Isipofanya hivyo, weka nyingine. Kama gari linachemka, tafuta sababu ya kuchemka.

Magari ya petroli tuyaseme kwa ufupi. Land Rover 109 na zingine zenye kabureta zina choki ya kuvuta kwa mkono. Waya wake ukikatika, asubuhi ni taabu. Safisha plagi za cheche na upime nafasi yake. Michomoko ya siku hizi haina kabureta. Kuna kifaa kidogo kinachoiambia kompyuta ya gari kwamba injini ni baridi, na kikiharibika gari hukosa mafuta ya kutosha asubuhi. Hilo ni la fundi wa umeme.

Mambo ya hatari

Jiko chini ya injini tumekwisha kulisema. Lingine ni kumwagia petroli kwenye njia ya hewa ya injini ya dizeli. Gari linaweza kuwaka kwa kishindo, lakini kishindo hicho huvunja ringi na hata pistoni, na moto unaweza kurudi usoni kwa anayemwaga.

La tatu ni kubwa kuliko yote. Usiwashe injini ndani ya banda lililofungwa ili ipate joto. Moshi wa injini una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na mtu husinzia tu. Ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Geita, hasa ninyi mnaotumia pampu za petroli kutoa maji: msiweke injini ndani ya duara wala karibu na mdomo wake. Hewa ile inaingia shimoni, na aliye chini hawezi kujua.

Tulirudi Kishapu mwezi Agosti tukiwa na balbu na waya mbili. Mwenye gari alitukaribisha, dereva akatucheka kidogo. Tukapima. Plagi tatu kati ya nne zilikuwa zimekufa. Oili ilikuwa namba 40. Ule mpira uliokuwa ukidondosha dizeli ulikuwa na ufa karibu na kibano chake. Dereva alikaa kimya, kisha akasema kwamba gari hilo lilikuwa linatetemeka asubuhi tangu mwaka uliotangulia. Mama mkwe wa yule mzazi alikuwa anapita na ndoo kichwani. Akasimama, akauliza plagi moja ni kubwa kiasi gani. Tukampa mkononi ile iliyokufa. Akaipima kwa kidole, ikawa sawa na kidole chake, akaturudishia, akaenda zake.

Zoezi la kikundi

Someni habari hizi mbili kwa sauti, kisha mjadili. Karasha moja Nyarugusu haliwaki asubuhi. Halitoi moshi wowote, na juzi dizeli ilinunuliwa kwenye dumu. Mtatazama nini kwanza, na mtatumia chombo gani? Gari la pili liko Kahama. Linawaka upesi, linatetemeka dakika mbili na moshi mweupe, halafu linatulia. Mwenyewe anasema ni la zamani, ndivyo lilivyo. Mtamjibu nini?